Picha za mahafali: saa sita au jioni?

Jioni, si saa sita. Anayesema kwamba mwanga mwingi ndio picha safi, kwa hiyo mpige saa sita, hajaangalia macho ya anayepigwa. Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua liko juu sana mwaka mzima, na Machi na Septemba linasimama karibu kabisa utosini. Macho yanazama kwenye kivuli cha nyusi, pua inaangusha doa juu ya mdomo, na ile kofia ya mahafali inameza nusu ya paji.

Fika saa kumi na moja. Usingoje jua liwe jekundu ndiyo muanze kujipanga, kwa sababu huku linashuka wima, si kwa mshazari kama Ulaya. Ule mwanga wa dhahabu hautimizi hata nusu saa, na foleni ya magari ya barabara ya Waiyaki Way haijui hilo.

Mkilazimika kupiga mchana, simama ukingoni mwa kivuli cha jengo, uso ukielekea nje palipo wazi. Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, ni pazuri ila chagua mti wenye kivuli kizito. Majani machache yanamwaga madoa ya jua mashavuni, na hayo ni vigumu programu kuyafuta vizuri. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, la sivyo itapima anga na ngozi itoke nyeusi tii.