Usimtajie dalali bei kabla hujakaa na mwenye nyumba

Mkuu simama hapo hapo, hiyo milioni 5 usitume. Umeandika kwamba nyumba ya Goba, Dar, dalali kakutajia milioni 120, ukatoa 100, akaenda "kuongea na mwenye nyumba" akarudi na 112, na sasa kuna mteja mwingine anakuja kesho na hela taslimu kwa hiyo umrushie kishika uchumba (hela ya kuishikilia nyumba isiuzwe) leo leo kwenye namba yake. Unauliza upande mpaka ngapi. Upande mpaka ngapi baadaye. Kwanza niambie, huyo mwenye nyumba umeshamsikia kwa masikio yako? Maana nimeusoma uzi wako wote simwoni, namwona dalali tu.

Hayo maneno mimi nimeambiwa hivyo hivyo, Kinyerezi, nyumba ya vyumba vitatu. Dalali akasema 95. Nikasema nina 75. Akasogea pale kwenye mwarobaini getini, simu sikioni, anatikisa kichwa, "sawa mzee, nimekuelewa mzee", akarudi uso kaukunja kabisa: mzee kakasirika, anasema 90 mwisho. Nikapanda 80. Akarudi tena mwarobaini. 88, na kuna mama wa Kariakoo anakuja asubuhi na hela kwenye mkoba. Hapo mke wangu ameshapenda jiko, watoto wameshagawana vyumba, nikafunga 86 na kishika uchumba kikaenda kwenye simu ya dalali jioni ile ile. Kuandikishana sasa, mkataba unasoma 70. Nikauliza, mbona 70? Dalali akanivuta pembeni, mkuu mzee ndo anavyotaka iandikwe, mambo ya kodi, hiyo 16 nipe mimi nitamfikishia mkononi. Mzee kakaa pale na wanae, watu wana haraka, mwanasheria (kaletwa na dalali huyo huyo) anaangalia saa. Tukasaini.

Tumeshahamia, mzee akaja kuchukua mabati yake aliyoyaacha uani, nikamtolea kiti, tukaongea. Nikamwambia mzee ulikaza sana kwenye bei. Akanishangaa. "Nimekaza wapi mwanangu? Mimi nilimwambia kijana nataka 70 yangu kamili, kinachozidi atajua mwenyewe."

Yaani 75 yangu ya kwanza kabisa ilikuwa tayari imeipita bei ya mzee! Hakuna aliyepigiwa simu, hakuna aliyekasirika, na yule mama wa Kariakoo sidhani kama alishawahi kuzaliwa. Nilikuwa nabishana bei na mtu ambaye nyumba si yake, na kila nikipanda, napandisha cha juu chake, ile hela anayoongeza kimya kimya juu ya bei ya mwenye nyumba. Milioni 16 ningezungusha ukuta wote na kuchimba kisima na chenji ikabaki. Kumdai nako ikawa kazi, karatasi niliyosaini inasema 70, hiyo nyingine haina hata risiti.

Na ukimfuata anakujibu bila kupepesa macho, ndo kazi ilivyo. Hapana jamani, sio kazi hiyo. Dalali kupata chake sina shida, katembea, katafuta, alipwe asilimia waliyokubaliana na ijulikane mezani. Ila kukaa katikati, muuzaji unamwambia hivi na mnunuzi unamwambia vile, kwenye hela mtu aliyoikusanya miaka na miaka, huo ni wizi na tuuite wizi.

Kwa hiyo mkuu, bei haitamkwi mpaka umekaa na mwenye nyumba ana kwa ana na hati mmeiweka mezani. Hata hiyo 100 uliyotoa ihesabu haijafika popote. Dalali akigoma kukukutanisha nenda mwenyewe, uliza majirani, uliza mjumbe, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, pale hawakosi kumjua. Ukimpata muulize yeye anataka ngapi, halafu nyamaza. Usianze wewe.

Akishataja ndo mnaanza kuongea vizuri, na usiongelee namba peke yake. Muuzaji mwingine anashusha sana akijua analipwa kwa mkupuo, mwingine ana shida na muda wa kuhama, mwingine ana madeni ya kodi ya ardhi. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza nyumba, kisheria ni ya muuzaji, wengi wanakutupia wewe mkishamaliza kukubaliana, kwa hiyo itaje kabla hujasema ndiyo. Na mke wake awepo au mume wake, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, utafurahia umepunguziwa halafu mama mwenye nyumba anaibuka mahakamani.

Mkikubaliana iandikwe siku hiyo hiyo, bei ile ile unayolipa, msiandike nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 64 iko wazi, makubaliano ya kuuziana ardhi lazima yawe kwenye maandishi na yasainiwe, kwa hiyo hizo meseji za WhatsApp za dalali eti "mzee kakubali 112" hazina mzee ndani yake. Mwanasheria mtafute wewe, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani aangalie hati imesajiliwa kwa jina la nani, kabla hata shilingi haijatoka, na hela iende benki kwenye akaunti yenye jina lile lile lililoko kwenye hati. Ukiambiwa mzee hana akaunti, mpeleke akafungue, nauli toa wewe.

Huyo mteja wa kesho muache aje. Mpigie dalali sasa hivi mwambie unataka namba ya mwenye nyumba, halafu rudi hapa utuambie kajibu nini.