Je, Kampuni Isiyo na Roho Yaweza Kuadhibiwa?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nilifanya kazi miaka minne katika karakana ya kuyeyusha betri kuukuu hapa Mombasa. Jioni nikirudi na nguo za kazi, binti yangu mdogo alikuwa akinirukia mlangoni kabla sijaoga. Sasa amepimwa na kukutwa na madini ya risasi katika damu, na maneno aliyokwisha kuyajua yanampotea. Kampuni imeshtakiwa kwa jinai nami nimeitwa kutoa ushahidi. Ustadh mmoja mtaani kwetu anasema kampuni haina roho wala nia, hivyo haina dhambi, na anayesaidia kuiadhibu amesaidia dhulma, kwa kuwa Aya yasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Tena kila mwezi nilikuwa nikitia sahihi kwamba nimepokea barakoa na glavu ambazo sikupewa. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila mara nimekwama pale mlangoni pako. Namwomba Allah ampe mtoto shifaa.

Ustadh huyo amesema kweli katika jambo moja: dhambi humwandama mwenye akili na hiari, na Siku ya Kiyama haitasimamishwa kampuni bali watu. Alipokosea ni pale alipotoka kwenye kweli hiyo akaruka hadi kusema kwamba asiye na dhambi Akhera hana dhima duniani, ilhali mafakihi, wanazuoni wa sheria, hawakuyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja. Wakfu hauna roho, nao humiliki shamba, hupangisha nyumba na hudaiwa ujira wa fundi aliyeezeka paa la msikiti. Kampuni nayo hufungua akaunti kwa jina lake na huwapeleka wadeni wake mahakamani, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 260, huihesabu kuwa ni mtu. Inapodai ni mtu. Kwa nini igeuke hewa inapodaiwa?

Ustadh huyo ametoa hoja ya Aya isemayo kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine, akimaanisha kwamba faini itawaumiza wenye hisa wasiojua lolote. Aya hiyo ni ya dhambi. Ama mzigo wa mali, sheria yetu yenyewe iliwatwika aqila, yaani jamaa za aliyeua bila kukusudia, kulipa diya, fidia ya damu, ilhali mikono yao haikugusa damu, na wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wakaiweka dhima hiyo juu ya watu wa diwani, walioandikwa katika daftari moja, hata kama hawana nasaba. Mwenye hisa haambiwi kuwa ameua. Anaambiwa kwamba aliyekula faida huchukua na hasara, na hayo ndiyo maana ya kauli ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba pato huambatana na dhamana. Na Masjid Dhirar, waliyoijenga wanafiki kwa ajili ya madhara, iliamriwa ibomolewe, wala hakuna aliyesema kwamba kuta hazikunuia mabaya. Kwa hiyo kufunga kiwanda chenye kudhuru au kukinyang'anya leseni ni jambo lenye asili katika Sunna. Kuhusu faini, najua wengi katika wanazuoni wamekataa taaziri ya mali, yaani hakimu kumwadhibu mtu kwa kumtoza mali. Mimi nafuata rai ya Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim walioijuzisha, kwa kuwa shirika halina mgongo wa kuchapwa wala shingo ya kufungwa.

Ninachokikhofia zaidi ni kinyume cha anachokikhofia yeye: kampuni ilipe faini kama inavyolipa bili ya umeme, na meneja arudi kazini asubuhi. Sayyidna Umar aliwaua watu kadhaa kwa kumuua mtu mmoja, akasema lau watu wote wa mji wa San'aa, Yemen, wangeshirikiana angewaua wote. Basi wingi wa mikono hauifuti jinai. Sheria ya Mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 nayo inamfikia mkurugenzi au ofisa aliyejua kosa na asifanye bidii ya kulizuia. Wakazi wa Owino Uhuru, hapo hapo Mombasa, waliosumishwa na risasi ya kiwanda cha betri, waliamuliwa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024. Lakini ile ni fidia. Adhabu ni mlango mwingine, na ushahidi wako ni katika funguo zake.

Basi nenda ukatoe ushahidi. Allah anasema katika Suratul Baqara kwamba anayeficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Kuhusu sahihi zako, ule ulikuwa uongo, hata kama ulikhofia kibarua. Tubu, kisha mweleze wakili wa mashtaka kabla hujapanda kizimbani, usingoje wakili wa kampuni akutolee karatasi hizo mbele ya hakimu. Huenda zikawa hoja kubwa dhidi ya aliyekuwa akiwasainisha.

Vumbi ulilompelekea binti yako hukulijua, na asiyejua hana dhambi. Usimwache mama yake akubebeshe hilo, wala usijibebeshe. Nguo zile zitoe nyumbani, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa, na tarehe ya kurudia kipimo cha damu usiikose, hata ikiangukia siku ya mahakama. Mwambie wakili mapema, naye ataomba siku nyingine.