Baht 180 zilizonirudisha mpakani

Wiki iliyopita niligongewa muhuri wangu wa tatu wa kuongezewa mwaka wa kuishi hapa Thailand kama mstaafu. Niliingia ofisi ya uhamiaji saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa tatu na robo nilikuwa nje, paspoti mkononi. Jioni yake nikakuta ujumbe wa kaka mmoja mzaliwa wa Pemba, anayefanya kazi Muscat na anakaribia kustaafu, akiulizia akiba ya baht (fedha ya Thailand) tunayotakiwa kuwa nayo benki: "Dada, hizo laki nane za baht nizitume zote kwa mpigo au kidogo kidogo? Na nikituma laki nane kamili si yatosha?"

Haitoshi, kaka yangu. Mimi nilitaka ziwe kamili, na nikajikuta kwenye gari la abiria la kwenda mpakani saa tisa ya usiku nikilia kimyakimya. Nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Sheria ya mstaafu kuongezewa mwaka ni fupi. Uwe umetimiza miaka 50. Uwe na baht 800,000 katika benki ya Thailand kwa jina lako mwenyewe, au kipato cha baht 65,000 kila mwezi, au uchanganye viwili hivyo vifike 800,000 kwa mwaka. Ukitumia akiba, fedha ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya siku ya kuomba, zikae tena miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na miezi iliyobaki salio lisishuke chini ya 400,000. Balozi za Uingereza, Marekani na Australia ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato mwishoni mwa 2018, na tangu hapo wengi wetu tumeona njia ya akiba ndiyo nyepesi.

Nyepesi ukijua kuhesabu. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi Leicester, Uingereza, miaka ishirini na minne, nyingi zikiwa zamu za usiku. Nimehesabu matone ya dawa, nimehesabu mapigo ya moyo ya watu wasio na jamaa wa kuwakalia. Nilidhani kuhesabu hela zangu mwenyewe hakutanishinda.

Nilifika mwanzoni mwa 2023 na viza ya siku 90 niliyopewa London. Toa siku 60 za fedha kukaa benki, unabaki na siku 30 za kufungua akaunti, kutuma na kuhakikisha zimeingia. Akaunti nilifungua siku ya tisa, na hata hapo nilimsihi yule binti wa kaunta mara tatu aandike majina yangu yote matatu kwa mpangilio ule ule wa paspoti. Sisi wenye jina la baba na la babu tunaponzwa sana na hilo. Jina likipinduliwa, fedha hurudi zilikotoka au hukwama.

Kisha nikafanya kosa la tamaa. Pauni ilikuwa karibu baht 41, na mimi nikataka 42. Kila asubuhi nafungua simu, naangalia kiwango, naahirisha. Siku kumi na moja zikaenda. Nilipoamua kutuma, benki yangu ya Uingereza ikazuia ule muamala kwa usalama na kutaka kunitumia namba ya siri kwenye laini yangu ya zamani, laini niliyokuwa nimeiacha ife. Siku tatu nyingine hizo. Kaka, laini ya simu iliyosajiliwa na benki yako usiiache ife, hata kama huipigii mtu. Uitie hela kidogo, iwe hai.

Nikatuma pauni 19,540. Kwa kiwango cha siku ile ni baht 801,140. Nikaridhika: nimevuka laki nane na ziada juu. Siku ya 25 simu ikalia kwamba fedha zimeingia, nikasujudu sijida ya shukrani, na sikukitazama tena kitabu cha benki. Nikawa napika mchuzi wa nazi kwa madafu na nazi za huku, nampelekea jirani yangu, nikijiona nimefika.

Asubuhi ya kwenda kuomba nikapita benki kuchukua barua na kuchapisha kitabu. Salio: 799,820.

Benki ya katikati, ile ambayo fedha hupitia njiani na mimi hata sikujua ipo, ilikata pauni 20, ambazo ni baht 820. Benki iliyopokea ikakata 500 zake. Nimepungukiwa baht 180. Hapa hiyo ni bei ya sahani tatu za wali na kuku. Nilitoa noti mkobani palepale, nikaziweka, nikaenda uhamiaji nikidhani nitaeleweka. Yule ofisa hakuwa mkali. Alisoma kitabu, akaweka kidole kwenye tarehe, akanirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili. Miezi miwili ilianza kuhesabiwa siku ile, na viza yangu ilikuwa imebakiza siku nne.

Zile siku kumi na moja za kusubiri kiwango! Ningetuma mapema na kutazama salio siku hiyo hiyo, ningeziba pengo ndani ya ule mwezi wa kwanza na nisingeondoka. Badala yake nilikwenda Hat Yai, mji wa kusini karibu na mpaka, nikavuka hadi Penang ya Malaysia, nikarudi na muhuri wa kawaida wa mgeni, nikaanza upya: baht 2,000 za kubadilisha muhuri huo uwe viza, kisha 1,900 za kuongeza mwaka, na katikati yake hofu isiyoniacha kulala.

Na huko kuanza upya kukanifundisha la pili. Nilituma pauni 500 za nyongeza kwa programu ya simu, ya haraka na ya bei nafuu. Kitabuni zikaandikwa kama fedha zilizotumwa kutoka ndani ya Thailand, kwa sababu kampuni ile ina akaunti yake hapa na ndiyo iliyonilipa. Anayebadilisha viza hutakiwa kuonyesha kwamba fedha zimetoka nje ya nchi. Nikalazimika kutuma nyingine benki kwa benki. Kwa hiyo omba herufi za muamala wa nje zionekane kitabuni (katika benki yangu ni FTT), na uiombe benki barua inayotaja nchi zilikotoka. Itunze barua hiyo kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Swali lako sasa. Kwa mpigo au kidogo kidogo, yote yanakubalika, ila miezi miwili huanza kuhesabiwa siku salio linapofika laki nane. Riyali yenu imefungwa kwa dola, basi tuma dola na uiache benki ya huku ibadilishe. Kwenye fomu kuna kisanduku cha makato: chagua OUR, yaani wewe mtumaji unabeba gharama. Usichague SHA ya kugawana. Hata hivyo tuma ziada. Mimi sasa sishuki chini ya 830,000, na siku fedha zikiingia nakwenda mwenyewe kuchapisha kitabu.

La kodi: anayekaa hapa siku 180 au zaidi katika mwaka huhesabiwa mkazi wa kodi, na tangu 1 Januari 2024 kipato cha nje anachokileta kinaweza kutozwa. Akiba ya kabla ya tarehe hiyo haitozwi. Chapisha taarifa ya benki inayoonyesha salio lako la 31 Desemba 2023.

Kuna jambo jingine ambalo fomu haikuambii. Kaka yangu mkubwa Mombasa, aliposikia nimehamishia akiba huku badala ya kumalizia nyumba ya Kisauni, hakunisemesha miezi minne. Kisha mpwa wangu akaniomba nimkopeshe za kununua gari la biashara, "maana hizo zako zimelala tu, shangazi." Hazijalala. Miezi mitano kila mwaka hizo fedha ndizo zinazonishikilia kwenye nyumba hii, na ukichomoa hata kidogo umejifukuza mwenyewe. Nilimkatalia, na hajanipigia tangu Idi. Inaniuma, sitaficha. Lakini waambieni watu wenu mapema, kabla hamjatuma, kwamba fedha hizi haziazimwi. Na msikubali wakala anayewaahidi kuwawekea laki nane za mtu mwingine kwa siku chache kwa malipo. Huko ni kudanganya serikali ya nchi iliyokupokea. Uzee wetu haufai kusimama juu ya karatasi ya uongo.

Riba inayoingia mwezi wa sita na wa kumi na mbili mimi naigawa yote kwa wengine, siitumii mwenyewe. Hilo kila mtu na dini yake.

Kaka wa Muscat, ukishafungua akaunti usitume kitu kwanza. Nipigie picha ile fomu ya benki, ufiche namba za akaunti, unitumie. Nitaisoma kisanduku kwa kisanduku, na kile cha makato tutakijaza pamoja kwenye simu.