Namba Yako Imeanzia Wapi?

Kila kundi jipya likikabidhi madaftari ya vipimo vya anga na miamba, anayesahihisha hukutana na ukurasa uleule. Safu zimenyooka, mwandiko safi, namba zimepangwa kama gwaride: 3:20, 045/30, 1,412. Ukiuliza 3:20 ya saa zipi, 045 kutoka kaskazini ipi, 1,412 juu ya nini, mwenye daftari anakukodolea macho kana kwamba umeulizia siri ya ukoo. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini hili tumeshalisema mpaka sauti zimekauka. Haya basi, yasomeni polepole.

1. Saa na tarehe

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pabaya, na sisi tuliotangulia tuliangukia hapahapa, tena kwa kujiamini.

Zoezi la miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita) mnalijua. Kila usiku wenye anga safi unapima umbali wa kila mwezi kutoka katikati ya sayari, kipimo chako kikiwa kipenyo cha sayari yenyewe. Unachora umbali dhidi ya muda, unalaza mkunjo wa sine (mstari wa mawimbi) juu ya nukta, unasoma kipindi (muda wa mzunguko mmoja) na upana (umbali wa mbali kabisa kutoka sayari), unaingiza kwenye kanuni ya tatu ya Kepler, inayounganisha muda wa mzunguko, umbali na masi, unapata masi ya Mshtarii. Jibu linapaswa kuangukia karibu na kilo 1.9 × 10²⁷. Vipindi vya miezi ni hivi: Io siku 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15, Callisto 16.69. Hakuna kigumu. Halafu mtu analeta Io inayozunguka kwa siku tatu.

Shina la kosa ni kwamba kichwa kimoja kinabeba saa tatu tofauti. Mdomoni tunahesabu kwa Kiswahili, simu inaonyesha saa 24, programu ya anga inataka UTC, saa moja inayotumika dunia nzima. Umeandika gizani "3:20 usiku", ukimaanisha 21:20. Mwenzako anapoingiza data kwenye jedwali la kompyuta, neno "usiku" linabaki kwenye karatasi, 3:20 inaingia peke yake. Kompyuta haina mama aliyeifundisha saa za Kiswahili: inasoma alfajiri ya tarehe ileile, yaani saa 18 kabla ya ulichokiona. Kwa saa 18 Io huwa imeshazunguka nyuzi 153.

Kama kila ingizo lingekosea kwa kiasi kilekile, kipindi kisingedhurika. Mkunjo mzima ungesogea pamoja na hakuna ambaye angejua. Kinachoua ni mchanganyiko: usiku wa kwanza saa za Kiswahili, wa pili saa za simu, wa tatu mwenye bidii kaamua kubadilisha kuwa UTC bila kumwambia mtu.

Na huo bado ni mtego mdogo. Mkubwa unakuja baada ya saa sita za usiku. Umepima saa 6:30, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Simu inasema 00:30, tarehe 15. Uko kwenye UTC+3, unatoa saa 3, unapata 21:30. Vizuri. Ila 21:30 hiyo ni ya tarehe 14, kwa kuwa umerudi nyuma ya usiku wa manane. Wengi wanatoa saa na kuiacha tarehe 15 palepale. Nukta imesogezwa mbele kwa saa 24 kamili.

Sasa tazama linavyojificha. Io huzunguka kwa saa 42 na nusu hivi, kwa hiyo saa 24 ni nyuzi 203, zaidi kidogo ya nusu ya mzunguko. Nukta iliyopaswa kukaa mashariki ya sayari unakuta mkunjo unaitaka magharibi. Mwanafunzi anaiona imekaa upande usiowezekana, anakuna kichwa, kisha anakumbuka somo la optiki: darubini hugeuza picha! Usiku ule lazima alichora kinyume. Anabadilisha alama, chanya inakuwa hasi, na nukta inakaa karibu kabisa na mkunjo. Furaha. Kundi zima linapongezana.

Kosa la tarehe limefunikwa na kosa la upande, na yote mawili yamevaa sura ya usahihishaji. Anayewaumbua ni Callisto. Kwa saa 24 Callisto husogea nyuzi 22 tu, hivyo tarehe mbovu ilikuwa imeiyumbisha kidogo. Lakini ukigeuza upande wa usiku mzima unairusha hadi ng'ambo ya pili ya sayari. Basi nukta za Callisto zinaonekana za ovyo, na kundi linaandika "data mbaya kutokana na mawingu" na kuzifuta. Mawingu ya watu yanasingiziwa. Ukisahihisha daftari la namna hii, unakuta aliyefutwa ndiye peke yake aliyekuwa anasema kweli.

Dawa yake: safu tatu. Ya kwanza, saa kama ulivyoisoma, pamoja na kanda yake, na hiyo haifutwi kamwe. Ya pili, UTC na tarehe yake kamili. Ya tatu, Tarehe ya Julian, yaani hesabu ya siku mfululizo bila miezi wala miaka, ambayo huanza kila siku saa 12:00 UTC mchana, si usiku wa manane. Kwa hiyo 18:20 UTC ni siku 0.264 baada ya mwanzo wa siku ya Julian. Desimali tatu zinatosha kwa miezi ya Mshtarii, kwani 0.001 ya siku ni sekunde 86 tu. Kabla ya kuiamini fomula yako, ijaribu: tarehe 1 Januari 2000 saa 12:00 lazima ikupe 2451545.0. Ikikupa .5 mwishoni, umeanza siku usiku wa manane.

Juu ya ukurasa andika "14/15". Kiswahili kinalo tayari, "usiku wa 14 kuamkia 15", ni basi tu watu wakishika kalamu wanajitia kusahau walichokuwa wanasema tangu utoto.

Na suala la upande halihitaji kumbukumbu. Darubini ya Newton huzungusha picha nyuzi 180. Ya lenzi yenye kioo cha pembeni hubadilisha kushoto na kulia tu. Usikariri. Zima mota ya darubini, subiri, tazama sayari inatoka nje kupitia ukingo gani wa uwanja wa kuona: huko ndiko magharibi. Chora mshale kila usiku, hata kama hujagusa chochote tangu jana, kwa sababu mwenzako amegusa.

2. Kaskazini

Dira inaelekea kaskazini ya sumaku, ramani imechorwa kwa kaskazini ya kweli. Tofauti kati ya hizo inategemea mahali na inabadilika na miaka, hivyo namba iliyochapishwa kwenye pambizo ya ramani ya zamani si ya leo. Ikiwa mashariki, jumlisha kwenye usomaji wa dira. Ikiwa magharibi, toa. Ukikosea kwa nyuzi 10, baada ya kutembea kilomita moja uko mita 174 pembeni ya unapodhani upo.

Kosa la wanaojua ndilo linalochekesha zaidi. Mmoja amerekebisha dira yenyewe kwa skrubu asubuhi, mwingine jioni anarekebisha tena kwenye jedwali. Kila mmoja ametimiza wajibu wake na ramani imepinda mara mbili. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandike: "dira imerekebishwa" au "dira haijarekebishwa". Maneno mawili.

Ukiona E na W zimebadilishana nafasi kwenye Brunton, dira ya wanajiolojia, usiirudishe stoo. Ndivyo ilivyo. Unachozungusha ni kasha, sindano inabaki imetulia, na herufi zimegeuzwa ili unapolenga mashariki sindano ionyeshe E.

Kuhusu straiki (uelekeo wa mstari mlalo kwenye uso wa tabaka la mwamba) na mwinamo (nyuzi ambazo tabaka limeinama), 045/30 bila kanuni ni nusu ya habari. Mstari wa 045 ndio huohuo wa 225. Kwa kanuni ya mkono wa kulia, simama ukitazama upande wa straiki, tabaka liiname kuliani kwako: 045/30 linainamia kusini-mashariki, 225/30 kaskazini-magharibi. Ukikosea hapo mkunjo wa tabaka unageuka kutoka upinde wa juu kuwa bakuli, na unaanza kutafuta ufa ambao haupo ili ueleze ulichochora. Ongeza herufi za upande wa mwinamo mwishoni hata kama mwalimu anasema si lazima. Ni ulinzi wa bei rahisi.

Nyundo weka mbali na dira, na simu yenye kava la sumaku vilevile. Juu ya miamba yenye magnetiti, madini ya sumaku, soma mara ya pili ukiwa umesogea hatua chache. Usomaji ukibadilika, mwamba ndio unaoivuta sindano.

3. Dakika

Kuna dakika za saa na dakika za nyuzi, na kwenye koordineti za anga zinakaa safu jirani zikifanana kama mapacha. Raiti asensheni, ambayo ni kama longitudo ya nyota angani, huhesabiwa kwa saa: saa 1 ni nyuzi 15, dakika 1 ya saa ni dakika 15 za nyuzi. Hiyo ni kwenye ikweta ya anga. Ukiikaribia ncha, zidisha kwa kosaini ya deklinesheni, ambayo ni kama latitudo ya angani. Mwezi mpevu una upana wa dakika 31 za nyuzi hivi, kwa hiyo ukichanganya dakika hizo hukosi kwa unywele, unakosa kwa upana wa nusu Mwezi kila dakika.

Andika pia koordineti ni za mwaka gani. Mhimili wa Dunia unayumba, na katalogi nyingi ni za J2000.0, yaani mwanzo wa mwaka 2000. Kwa sekunde 50 za nyuzi kwa mwaka, miaka 25 inakusogeza dakika 21 za nyuzi kwenye longitudo ya anga. Kwenye lenzi ya jicho yenye ukuzaji mkubwa hiyo inatosha kuitoa nyota nje ya uwanja.

4. Kimo

GPS huhesabu kimo kwanza juu ya elipsoidi, umbo la kihesabu, na vifaa vingi hubadilisha kuwa kimo juu ya usawa wa bahari bila kukuambia. Tofauti ya hizo mbili kusini mwa India inapita mita 100. Tafuta kwenye mipangilio. Kama huioni, andika jina na modeli ya kifaa ili mwingine aitafute.

5. Tetemeko

Seismogramu, mchoro wa mtikisiko wa ardhi, iko kwenye UTC, mshukuruni Mungu. Pima pengo kati ya kufika kwa wimbi P, linalotangulia, na wimbi S, linalofuata, zidisha sekunde kwa 8, umepata kilomita kutoka kituo hadi tetemeko, kama ni la karibu. Sekunde 20 ni kilomita 160. Kwa la mbali tumia jedwali la nyakati za mawimbi, maana yanapita kwenye miamba yenye kasi nyingine. Duara tatu ulizochora kwa umbali kutoka vituo vitatu zikikataa kukutana kwenye nukta moja, usizibane kwa nguvu kwa kupanua bikari kimyakimya. Umbali uliopima unakwenda hadi kwenye chanzo kilicho chini ardhini, wewe unauchora juu ya uso, kwa hiyo duara zinapishana na kuacha pembetatu ndogo. Iache ionekane. Inakuambia jambo kuhusu kina.

Na magnitudo ya tetemeko si ndugu wa magnitudo ya nyota. Moja ikipanda kwa 1, nishati inaongezeka karibu mara 32. Nyingine ikipanda kwa 1, nyota imefifia mara 2.5.

6. Mengineyo, harakaharaka

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 za giza, na mwangaza mmoja wa simu unazirudisha zote. Pangilia darubini ndogo ya kulengea mchana kwa mlingoti wa mbali, kamwe si kwa Jua. Anza na lenzi ya jicho ya milimita 25, si ya 6. Lupu, kioo kidogo cha kukuzia, inakwenda jichoni kwanza, kisha jiwe linaletwa kwenye lupu. Vunja uso mpya kabla ya kulipa jiwe jina, miwani ikiwa usoni. Dolomiti isipotoa povu kwa asidi, ikwangue upate unga, kisha jaribu tena. Kila picha ya mwamba iwe na rula ndani yake na mshale wa kaskazini. Kidole gumba chako hakijulikani ukubwa.

7. Kabla ya kukabidhi

Mpe daftari mtu ambaye hakuwepo. Mwambie aelekeze dira palepale na aseme saa ya UTC ya ingizo lolote alilochagua, wewe ukiwa umefunga mdomo. Akikwama, usimweleze kwa mdomo. Andika kinachokosekana kwenye ukurasa huohuo, kwa wino wa rangi nyingine, na tarehe uliyoandika.