Mabenchi ya ufukweni Mwanza yaelekezwe wapi ili watu wasiofahamiana wazungumze: yote yatazame ziwani?
Hapana, kuyaelekeza mabenchi yote ziwani hakutawafanya watu wasiofahamiana wazungumze. Ni afadhali yapangwe kwa pembe, kama herufi L, ili wanaoketi waonane bila kulazimika kukodoleana macho. Mwanasaikolojia Robert Sommer, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1959 baada ya kuwachunguza watu kwenye mkahawa wa hospitali huko Saskatchewan, Kanada, aliona kwamba waliokaa penye kona ya meza walizungumza zaidi kuliko waliokaa ubavu kwa ubavu au uso kwa uso. Hata hivyo, anayetaka kulitazama Jiwe la Bismarck, mwamba unaochomoza ziwani, kwa utulivu naye aachiwe benchi lake, na pasipo kivuli cha mti, kwa jua la Mwanza la saa saba mchana, hakuna mpangilio utakaokaliwa.