Mkono wa Pili

Ukatibu wa vikao nimeufanya kwa miaka mingi, na una faida moja ambayo haimo kwenye katiba ya kikundi chochote: wenzako wanapomtazama msemaji, wewe unawatazama wanaomsikiliza. Mwenyekiti akiuliza, "Wanaounga mkono hoja?", mikono hainyooki kwa pamoja. Kwanza macho yanakwenda kwa mwenyekiti, halafu kwa yule mjumbe mkongwe anayeheshimiwa na wote. Mkono wake ukipanda, inafuata mitatu minne upesi upesi. Ya mwisho ni ile ya viwiko vilivyobaki mezani, haijulikani imenyooshwa au inakuna shavu. Mimi naandika: wajumbe wote waliafiki. Kikao kikiisha, wale wale wananivuta pembeni kuniambia kwamba jambo lile halitekelezeki.

Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi naona ni mzito kuliko unafiki, kwa sababu mnafiki angalau anajua anachokificha anakificha kwa faida gani.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani, na matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1951. Aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wataje upi una urefu sawa na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Ila katika kila kundi, aliyekuwa akipimwa ni mmoja tu; wengine walikuwa wamepangwa, na katika baadhi ya zamu walitaja kwa sauti jibu moja la makosa. Karibu robo tatu ya waliopimwa walifuata kundi angalau mara moja. Hapakuwa na cheo wala mshahara uliowekwa rehani. Ni mistari kwenye kadi tu!

Wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba binadamu ni bendera fuata upepo. Haraka hiyo siipendi. Katika zamu zile za mtego, takriban theluthi mbili ya majibu yalibaki kuwa sahihi. Halafu Asch alipomweka kundini mtu mmoja wa kutoa jibu la kweli, kufuata kundi kulishuka vibaya sana. Kundi kubwa lile lile, mwenza mmoja tu. Na waliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, kufuata kulipungua pia.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayeogopa kupinga kikaoni, simwambii ajipe moyo. Namwambia ampigie simu mjumbe mmoja kabla ya kikao, na asimuulize "utaniunga mkono?", kwani hapo anampa mzigo. Amuulize, "Wewe hili unalionaje?" Utashangaa ni mara ngapi mwenzako naye alidhani yuko peke yake. Kila mmoja anausoma ukimya wa mwenzake kama kukubali, kumbe ukimya wote ni wa aina moja.

Kwenye makundi ya simu ndiyo balaa. Mtu akiandika pendekezo saa tano usiku, asubuhi unakuta vidole gumba kumi na viwili, na anayesita anahesabu vidole hivyo kabla ya kuhesabu hoja. Ukiwa msimamizi wa kundi, jambo zito usilipitishe kwa vidole gumba. Waombe watu wakutumie maoni faraghani kwanza, kisha uyaweke yote hadharani kwa pamoja bila majina. Na ukiwa mwenyekiti wa kikao, zungumza wa mwisho. Mwenyekiti anayeanza na "mimi naona..." ameshafunga mjadala, hata akimalizia na "lakini nyie semeni."

Sisemi kila anayefuata wenzake amepotea. Mara nyingi kundi linajua zaidi yako, na kulifuata ni busara tu. Mimi hutumia swali moja kutofautisha: je, jibu hili ningeliandika kwenye karatasi isiyo na jina? Kama ndiyo, nimeshawishika. Kama hapana, basi ninachotafuta ni kukubalika, na hicho ni kitu kingine.

Lakini ushauri ninaoupenda zaidi ni kwa wale ambao hawana hoja yoyote ya kupinga. Mtu akisema jambo tofauti na chumba kizima kikanyamaza, hatari kubwa ni mwenyekiti kusema "haya, tuendelee." Hapo ndipo mimi huomba: "Naomba mjumbe arudie, niandike vizuri." Hata kama simwafiki. Akirudia, mwingine anapata muda wa kuomba nafasi, na mara nyingi anaiomba. Wewe usiye katibu, sema tu kwamba hujaelewa, afafanue kidogo.