Kwa mkufunzi mpya wa leba: kumfundisha mwanafunzi kumpa hewa mtoto mchanga

Nasikia umepangiwa wanafunzi wa ukunga mwezi huu. Nakuandikia kama mwenzako niliyetangulia, maana jambo hili mimi nilichelewa kulijua.

Mwaka wangu wa kwanza nilihubiri darasani asubuhi nzima, mchana wanafunzi wakashika ambu, ule mfuko wenye barakoa unaobanwa kumpa hewa mtoto, mara mojamoja kwenye mdoli, wote wakafaulu. Wiki chache baadaye, usiku, mtoto alizaliwa hapumui, na zamu ilikuwa ya mwanafunzi yule aliyeshika nafasi ya kwanza darasani. Alimkausha, akamsugua mgongo, akaweka barakoa, akaanza kubana huku anahesabu vizuri kabisa. Kifua kimelala vilevile. Macho yake yote yalikuwa kwenye mfuko. Niliingiza mkono, nikainua kidevu kidogo, hewa ikapita na mtoto akalia. Kosa lile lilikuwa langu. Nilimpa alama kwa kuhesabu na kubana, wala sikuwahi kumuuliza kama kifua kimepanda.

Siku hizi mwanafunzi wangu haniambii "nimempa hewa". Ananiambia "kifua kimepanda" au "hakijapanda". Kikikataa, mikono yake iwe inajua pa kwenda: aweke barakoa upya, arekebishe kichwa, atazame kama kuna ute mdomoni, aufungue mdomo kidogo, ndipo abane kwa nguvu zaidi. Mara nyingi hewa inavuja pembeni mwa barakoa, au kidole kimeteleza kwenye nyama laini chini ya kidevu kikasukuma ulimi nyuma. Mwambie ajibonyeze hapo mwenyewe, ataelewa mara moja. Halafu kuna kisogo. Cha mtoto mchanga ni kikubwa, ukimlaza tu shingo inajikunja. Mwanafunzi mwenye hofu naye humrudisha kichwa nyuma kupita kiasi kama anavyofanyiwa mtu mzima. Huku na huku njia ya hewa inaziba. Pua itazame dari, inatosha.

Kasi ni "pumua, mbili, tatu", akibana kwenye "pumua". Hapo atapata kama pumzi 40 kwa dakika. Hewa ianze kuingia kabla dakika ya kwanza haijaisha, ile ambayo mafunzo ya Helping Babies Breathe huiita Dakika ya Dhahabu. Mwizi mkubwa wa dakika hiyo ni kufyonza ute. Kama mdomo ni safi, kifyonzio kibaki mezani.

Wafundishe pia kuifungua ambu na kuiunga upya baada ya kuoshwa. Kisha waibane barakoa kwenye kiganja na kuminya mfuko: kama hewa inatoroka, wagundue hapo, kabla mtoto hajawa mezani.

Hospitali ya Haydom, kule Manyara, walipima mafunzo haya ya kumpa hewa mtoto. Kozi ya siku moja ilipandisha alama kwenye mdoli, lakini kazi ya leba haikubadilika. Baadaye walipoanza mazoezi ya dakika chache mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua.

Kwa hiyo nakuomba, mtoe mdoli kabatini. Ujaze maji ya uvuguvugu upate uzito wa mtoto, uuache karibu na meza ya kuhudumia watoto. Mimi huwangoja wanafunzi saa ya kukabidhiana zamu: dakika tatu tu, mmoja anabana, mwenzake anatazama kifua, kisha wanabadilishana.